Konokono Hawaoshwi kwa Sabuni

Usiinamishe kichwa kana kwamba umedondosha kitu. Uliliona tangazo. Lilibandikwa kwenye ubao nje ya masjala, Jumatatu asubuhi, karatasi nyeupe yenye muhuri wa bluu, na wewe ulipita na kikombe chako cha chai, ukasoma mistari miwili, ukaguna, ukaenda zako. Umezoea. Ulipita vilevile miaka mitatu nyuma, lilipobandikwa lile la mtaalamu wa nyuki aliyetakiwa "awe ameishi katika nchi ya baridi kwa muda usiopungua miaka miwili," kwa sababu mtoto wa mkuu wa kitivo alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege na koti lake la sufi. Na kabla ya hapo lile la mimea ya dawa, ambalo mwisho wa kuomba ulikuwa jana yake. Wewe umesahau. Kuna watu hawajasahau.

Tangazo la safari hii lilisema hivi: nafasi moja ya utafiti kwa mwenye shahada ya uzamivu, idara ya sayansi za viumbe, mkataba wa miaka mitatu, kazi yenyewe ni konokono wa kichocho. Mwombaji asiwe amepitisha miaka sita tangu apate uzamivu wake. Hadi hapo ni maneno ya watu wazima. Kisha ukafuata mstari mmoja wa nyongeza: "Uzoefu wa kuchora kwa kompyuta mwendo wa samaki wa mapambo ni sifa ya lazima."

Samaki wa mapambo! Kwa kazi ya konokono! Ni sawa na kutafuta mkunga na kudai ajue kuendesha trekta. Lakini fundi wa suti humpima mtu kabla ya kukata kitambaa, na suti hii ilikuwa imeshapimwa mabega, kiuno na urefu wa mguu. Mwenye mwili huo alikuwa kaka wa mke wa Profesa, na idara nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkutubi, ilimwita Shemeji.

Aliyelisoma tangazo mpaka mwisho, mara tatu, alikuwa mwanamke mmoja. Naye walimwita Mama Konokono, jina alilopewa kwa utani likamganda kama gundi. Uzamivu wake ulikuwa na umri wa miaka mitano na miezi minane. Hesabu hiyo aliijua kama mtu anavyojua siku ya kuzaliwa mwanawe. Miezi minne ikipita, kila tangazo la dunia hii lingemwambia amechelewa. Na mkataba wake wa kibarua, ule uliokuwa ukihuishwa kila baada ya miezi sita kwa huruma kama mgonjwa wa kuongezewa maji, ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Akiikosa nafasi hii, basi tena. Angerudi nyumbani na shahada yake kwenye bahasha, na majirani wangeendelea kumletea watoto wenye homa kwa kuwa wamesikia ni daktari, naye angeendelea kuwaeleza kwamba yeye ni daktari wa konokono, nao wangeendelea kumpa pole mama yake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa kushoto baada ya choo kilichoharibika. Ndani mlikuwa na matangi ya kioo thelathini na mawili, yamepangwa kwenye rafu za chuma. Maji ya bomba hayaingii humo moja kwa moja. Hukaa kwenye mapipa siku mbili wazi, dawa ya kusafishia iruke, ndipo yamiminwe taratibu kwa kikombe. Majani ya saladi huoshwa mara tatu. Ule utelezi wa kijani kwenye vioo, ambao mgeni akiuona hukunja pua, ndicho chakula cha konokono wachanga. Ukiufuta umewanyang'anya ziwa la mama. Na sabuni haivuki kizingiti. Mama Konokono aliacha hata kupaka mafuta mikononi tangu siku aliyoanza kazi ile. Viganja vyake vilikuwa kama vya fundi wa zege.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu mnyoo wa kichocho hawezi kumfikia binadamu bila kupitia tumboni mwa konokono. Huingia mmoja, huzaliana humo, hutoka maelfu, na mtoto anayeoga mtoni ndiye anayekojoa damu. Mama Konokono alikuwa amewalea konokono vizazi thelathini na nane, akichagua, akitenga, akipandisha, mpaka akapata ukoo mmoja ambao mnyoo akiingia hafanyi kitu. Anakufa tu. Wazungu wawili na Mchina mmoja walikuwa wamemwandikia kuuliza. Chuoni kwake hakuna aliyeuliza, ila mtu wa umeme, aliyetaka kujua kama wanaliwa.

Akaenda kwa Profesa kuomba barua ya kumpendekeza.

"Hilo nalo la kupigia hodi?" Profesa alisema, simu sikioni. "Andika mwenyewe, niletee nisaini. Kwani sikujui?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya idara. Hakuna profesa aliyemwandikia mtu barua pale tangu zama za karatasi za kaboni. Mwombaji hujisifu mwenyewe kwa jina la mkubwa, mkubwa hutia mkono bila kusoma, na dunia hudanganyika kwa ridhaa yake. Kwa mtu asiye na haya ni neema. Kwa Mama Konokono, aliyelelewa kwamba mtu hajisifu, husifiwa, ilikuwa adhabu. Alikaa jioni nzima, akatoa mistari minne. "Ni mfanyakazi mwenye bidii, mwaminifu, na hufika kazini kwa wakati."

Mume wake, fundi wa mafriji, aliisoma akiwa ameshika bisibisi.

"Hii ni barua ya kuomba kazi ya ulinzi."

"Sasa niseme nini?"

"Sema konokono wako wanaua minyoo, mama wee!"

"Hilo wanalijua."

"Nani analijua? Mimi ninalala na wewe mwaka wa kumi na moja huu, nimelijua mwaka jana. Nilidhani unawafuga wakue."

Mama Konokono alicheka, lakini hakuongeza neno kwenye barua. Na hapo naye ana lawama yake, maana unyenyekevu mbele ya wezi ni kuwashikia taa.

Alipoirudisha barua, Profesa akampa kazi ya pili. "Na ya Shemeji umwandikie, bwana. Yeye lugha inampiga chenga, wewe mwandiko wako umenyooka. Sisi ni timu moja."

Timu moja. Mbuzi na mla nyama nao ni timu moja, ukiangalia sufuria.

Akaandika. Na hapo likatokea jambo la ajabu: kwa jina la mwingine, haya ikamtoka. Akamwandika mtafiti ambaye angependa yeye mwenyewe aitwe. Mtu anayesikiliza kabla ya kugusa. Mtu anayejua kwamba kiumbe anayefugwa hana wa kumlalamikia. Mtu ambaye, umeme ukikatika siku tatu, hubeba maji ya uvuguvugu kwa ndoo, ghorofa mbili, ili kizazi cha thelathini na moja kisipotee. Kurasa mbili kamili. Profesa alizisaini zote mbili, ile ya mistari minne na ile ya kurasa mbili, kwa kalamu moja, huku akibishana na mtu wa vigae kwenye simu.

Siku ya usaili, kamati ya watu watatu ilimuuliza Mama Konokono maswali matatu. La kwanza, kama ana mpango wa kuzaa tena. La pili, kama mume wake hatachukia akisafiri. La tatu, kuhusu samaki wa mapambo. Alijibu kwamba hajawahi kuchora mwendo wa samaki. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama madaktari waliofika na mgonjwa ameshakata roho.

Barua ya Shemeji, kwa upande wake, ilisomwa kwa sauti. Inasemekana mwenyekiti alivua miwani akafuta macho pale kwenye ndoo za maji ya uvuguvugu. "Huyu," alisema, "huyu ndiye tunayemhitaji." Na alisema kweli. Ila huyo waliyemhitaji alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri kuambiwa aende nyumbani.

Shemeji akaanza kazi siku ya kwanza ya mwezi. Mama Konokono aliongezewa wiki mbili "za kumwelekeza mwenzake."

"Haya mapipa hayafunikwi," alimwambia asubuhi ya kwanza. "Maji yakae siku mbili."

"Sawa, dada," Shemeji alijibu, kidole kikitembea kwenye simu.

"Na vioo hivi, ukijani huu usiuguse."

"Dada, mimi nina uzamivu."

"Najua. Wa samaki. Uliwafuga wangapi?"

"Kufuga? Walikuwa kwenye kompyuta. Hawafi wale." Akacheka. Alikuwa mtu mchangamfu, tusimwonee. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amewekwa tu mahali asipopajua na watu wasiojali, akiwa amepewa ufunguo.

Siku ya wafadhili kutembelea idara, Profesa alimtuma Mama Konokono mjini kwa mchapaji, kuchukua ratiba za wageni. Kwenye maabara akabaki Shemeji, shati jipya, marashi, na matangi thelathini na mawili yenye utelezi wa kijani. Akayaangalia kwa macho ya mwenye nyumba anayesubiri wakwe. Akatoka koridoni, akamkuta mfagiaji, mama wa makamo ambaye wote wanamwita Bi Ndoo.

"Mama, niazime sabuni ya vyombo na brashi."

"Ya kuoshea nini, baba?"

"Haya matangi. Machafu, aibu tupu."

"Hao hawaoshwi kwa sabuni, mwanangu. Mimi niko hapa mwaka wa kumi na tisa. Hata ndoo yangu Mama Konokono haniruhusu kuiingiza humo."

"Mama, wewe fagia. Sayansi tuachie wenyewe."

Akachukua chupa mwenyewe kwenye chumba cha mafagio. Mlinzi wa ghorofa alimwona akikunja mikono ya shati. Wewe nawe ulipita. Usikatae. Mlango ulikuwa wazi, povu liko mpaka viwikoni, ukasimama, ukavuta pumzi, ukasema, "Leo kunanukia vizuri!" Kisha ukaenda kunywa chai.

Mama Konokono alirudi saa tano na bahasha ya ratiba kwapani. Alisikia harufu ya limau kabla hajafika kwenye choo kilichoharibika. Akatembea. Hakukimbia, alijua kwamba hakuna tena cha kuwahi. Vioo vilikuwa vinameta kama vya duka la dhahabu. Maji maangavu, safi, ya bomba. Na chini, kwenye sakafu ya kila tangi, konokono wamelala mashavu chini, wametoka nusu ganda, weupe, kama ndimi za watu wanaotaka kusema kitu.

Alitumbukiza mkono kwenye tangi la kwanza. Kisha la pili. Alifika mpaka la thelathini na mawili, akigusa mmoja mmoja kwa kidole, na Shemeji nyuma yake akisema, "Watakuwa wamelala tu, dada, si wamelala?"

Wageni waliingia dakika ile ile. Wakavutiwa mno. Mfadhili mmoja aliinama akapiga picha tano. "Watulivu sana," alisema, na Profesa akasema, "Ndiyo, tumewazoesha watu." Wakapeana mikono. Kitabu cha wageni mpaka leo kimeandikwa: *Maabara safi kuliko zote tulizotembelea.*

Siku iliyofuata wafadhili wakaandika kuomba konokono hamsini wa ukoo ule, wapelekwe kwenye maabara mbili za ng'ambo. Hapo ndipo Profesa alipoingia chumbani bila wageni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, akainusa hali, akamwita Mama Konokono ofisini na kufunga mlango. Akamkaribisha kiti. Akamwagizia chai. Mkubwa asiyekujua akikuagizia chai, hesabu vidole vyako.

"Mdogo wangu," alianza. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ajali ni ajali. Sasa wafadhili wanataka ripoti. Wewe ndiye uliyekuwa mtunzaji, neno lako lina uzito. Andika kwamba mfanya usafi, kwa kutoelewa, alitia sabuni."

"Bi Ndoo?"

"Yule mama hana cha kupoteza. Atapewa barua, atapumzika, amechoka hata hivyo." Akavuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza imwelekee. "Halafu hii. Bajeti ina nafasi ya pili. Miaka mitatu, kama ile ya Shemeji. Haihitaji hata tangazo."

"Haihitaji samaki?"

Profesa alicheka sana, akidhani ni utani.

Jina la Mama Konokono lilikuwa limeshapigwa chapa kwenye mkataba ule. Herufi zote, na "Dkt." mbele. Ndicho kitu alichokuwa akikitafuta tangu aliposimama uwanjani na joho la kuazima, na sasa kilikuwa mbele yake, umbali wa kikombe cha chai.

Nyumbani alimkuta mume wake barazani, amelaza friji ya mtu chali kama mgonjwa wa upasuaji. Akamsimulia yote. Mume akasikiliza bila kuacha kufungua skrubu.

"Miaka mitatu," alisema mwishoni.

"Mitatu."

"Na Bi Ndoo ana mingapi pale?"

"Kumi na tisa."

"Mimi sikwambii kitu, Daktari. Ukisaini tutakula. Usiposaini tutakula hicho hicho, kidogo kidogo. Ila tukikutana na Bi Ndoo sokoni, salamu utaitoa wewe. Mimi nitakuwa naangalia nyanya."

Alikwenda ndani akaandika. Safari hii hakusita kwenye mstari wa kwanza. Aliandika, kama Bi Ndoo alivyomsimulia, saa, chupa, brashi, aliyeomba, aliyekataza, na jibu alilopewa aliyekataza. Aliandika kwamba konokono wa ukoo ule hawapo tena duniani, na kwamba kuwapata upya ni miaka tisa, ikiwa watapatikana. Aliandika nani aliajiriwa kuwatunza, na barua iliyomwombea kazi iliandikwa na nani. Ukurasa na nusu, hakuna kivumishi hata kimoja.

Asubuhi aliweka nakala mbili mezani kwa Profesa.

"Soma kwanza, Profesa."

"Nisome nini? Kwani sikujui?"

"Naomba usome."

"Mdogo wangu, nina kikao." Akasaini. Akapiga muhuri. Akazitia mwenyewe kwenye bahasha mbili, moja ya wafadhili, moja ya Makamu Mkuu wa Chuo, akazilamba kwa ulimi wake mwenyewe. Kisha akamsogezea mkataba na kalamu.

"Huu nitausaini ukishaisoma ripoti," Mama Konokono alisema, akasimama, akatoka.

Siku tatu baadaye Profesa alijua alichokisaini, na ghorofa nzima ilisikia kelele zake. Yule mtu wa vigae huenda alisikia pia. Mkataba ulichanwa vipande vinne. Mama Konokono akazuiwa getini, na shtaka likaandikwa: kumlaghai mkuu wake asaini. Alimlaghaije? Alimwambia asome! Mara mbili! Chuoni petu kumwomba profesa asome ni udanganyifu wa hali ya juu.

Na Bi Ndoo? Ameshapewa barua yake. Profesa ameandika ripoti mpya, ya kwanza kuandika kwa mkono wake baada ya miaka mingi, ina makosa kumi na moja ya tahajia, na humo sabuni ni ya Bi Ndoo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kamati ya nidhamu inakaa leo mchana. Kanuni ya chuo, kifungu cha tisa, ambacho hukukisoma kwa sababu hujawahi kufukuzwa, inasema hivi: neno la mkuu wa idara husimama, isipokuwa mashahidi watatu waandike waliyoyaona kwa macho yao, na maandishi yao yafike masjala kabla ya saa sita. Wakifika watatu, ripoti ya kwanza inasomwa mbele ya wote, na nafasi ya utafiti inarudi kushindaniwa upya kabla ile miezi minne ya Mama Konokono haijaisha. Wasipofika, Bi Ndoo anarudisha ufunguo wa chumba cha mafagio jioni hii, na Mama Konokono hataguswa na chuo chochote tena.

Bi Ndoo ameandika wake, kwa herufi kubwa, kalamu imetoboa karatasi. Mlinzi wa ghorofa ameandika wake, ana watoto watano, lakini ameandika.

Hao ni wawili.

Ulikuwa pale mlangoni. Uliona povu, uliona mikono ya nani, ulisema kunanukia vizuri. Fomu ni ukurasa mmoja, iko kwa karani wa masjala, haina swali gumu: jina lako, siku, ulichoona. Sasa ni saa tano na dakika kumi. Usimpigie mtu simu kuuliza wengine wanafanyaje; wengine wanakusubiri wewe. Weka kikombe chini. Inuka. Nenda ukaandike.